Udongo wa Bi Tatu

1

Kidawa Shechambo aliyatambua yale magamba kabla daktari hajamaliza kusema. Yalikuwa ya kijivu, membamba, yamepandana kama ya samaki, na yalikuwa yameuzunguka moyo wa marehemu toka juu mpaka karibu na ncha. Kwa miaka yote aliyofanya kazi kiwanjani Mabetrini alikuwa akiyakwangua magamba kama hayo kila Jumatatu kutoka kwenye fimbo za makaa, akiyatia ndooni na kuyapeleka kwenye mizani kwa furaha ya mtu anayevuna. Ndani ya mwili wa mtu hakuwahi kuyaona, wala hakuwahi kuota kwamba siku moja angeyaona.

Daktari Mntambo alikuwa mwanamke mfupi, mpole, asiyependa kuhangaika bure. Alimwita Kidawa kwa sababu hakujua amwite nani mwingine. Marehemu alikuwa anaitwa Zamoyoni, mkazi wa Mabetrini, na alikuwa amejifungua salama mtoto wa kike majuma machache tu yaliyopita. Alikwenda zahanati analalamikia utando mweupe mdomoni, akapewa vidonge vya fangasi, vile vile vya kawaida ambavyo nusu ya mji wa Tanga imewahi kuvimeza. Akameza kimoja kwa chai ya asubuhi. Kabla ya adhuhuri moyo wake ulikuwa umesimama.

Daktari alikuwa ameyapima yale magamba akakuta ni risasi tupu, ile inayotiwa kwenye betri. Alitaka kuelezwa inawezekanaje madini yaliyojificha mifupani mwa mtu tangu utoto yakatoka yote na kwenda kujipanga moyoni.

Kidawa akakaa kwenye stuli, akaeleza. Kiwanda kile cha kuyeyusha betri kilifungwa akiwa bado msichana, wenyewe wakaondoka na mitambo yao, wakawaachia watu wa Mabetrini moshi uliokwisha kuingia ardhini. Halafu, baada ya miaka mingi ya kupuuzwa, Shirika la Kufufua Ardhi likaja na utando. Ulikuwa ukungu uliotengenezwa maabara, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko unywele, uliofundishwa mambo mawili tu: kuitafuta risasi popote ilipo, na kuibeba mpaka mahali penye umeme. Wafanyakazi walichomeka fimbo za makaa ardhini, wakazitia umeme mdogo usioweza kumshtua hata kuku, na utando ukawa unatambaa chini kwa chini, unachukua mzigo, unaupeleka kwenye fimbo. Risasi ilipokwisha, fimbo zikang'olewa, utando ukalala. Haukufa. Walijua kwamba haukufa, ila waliona haudhuru, kwa kuwa chakula chake kimekwisha.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu kwamba moyo nao una umeme wake.

Kidawa akauliza kama mtoto wa marehemu amepimwa.

"Nimempima mara mbili, nikidhani kipimo kimeharibika," daktari akasema. "Hana risasi hata chembe. Tangu naanza kazi hapa sijapata kuona damu safi namna ile kutoka Mabetrini. Umeme wa mama una nguvu kuliko wa kitoto kilichomo tumboni, sivyo? Basi mzigo wote ulikwenda kwa mama."

Hapo ndipo Kidawa alipomkumbuka mdogo wake Mwajabu, mwenye mimba ya miezi mitano, na pindo la kanga yake ambalo siku hizi halikosi fundo lenye kipande cha udongo.

2

Ili kuelewa aibu iliyomshika Kidawa njiani kwenda sokoni, lazima mtu aijue siku ya kukabidhiwa kiwanja.

Siku ile watu wa Mabetrini walikuja wamenuna. Walionyeshwa soko jipya lenye paa la bati la bluu, shule ya awali, uwanja wa mpira wenye nyasi za kweli, na bado wakasimama nje ya uzio wamekunja mikono. Walikuwa na haki yao. Walishaambiwa zamani kwamba moshi hauna neno, kwamba maji ya kisima hayana neno, na kwamba watoto wao wanachelewa kusema kwa sababu mama zao hawawasemeshi. Mkurugenzi wa Shirika, Mhandisi Mbelwa, alihutubia kwa takwimu mpaka watoto wakasinzia. Hakuna aliyevuka uzio.

Ndipo Kidawa, mwana wa mtaa, binti wa mzee Shechambo aliyekuwa akibeba betri kiwandani, akapanda jukwaani bila kuitwa. Aliinama, akachota udongo kidogo kwa vidole vitatu, akautia mdomoni mbele ya kadamnasi, akautafuna na kuumeza. Wanawake wakapiga vigelegele, na uzio ule ukavukwa kwa fujo mpaka nguzo mbili zikalala.

Lilikuwa jambo zuri, na alilifanya kwa moyo safi. Lakini Kidawa hakuwa mgeni. Alizaliwa katika nyumba ambayo mama yake, kila alipobeba mimba, alikuwa na kikopo cha udongo chini ya kitanda, na anapozidiwa na hamu anatafuna mpaka meno yanalia. Alijua kwamba Mabetrini mwanamke mjamzito hula udongo kama wengine wanavyokula ukwaju, na kwamba hapati raha mpaka aupate. Mbele ya wanawake kama hao yeye akasimama na kuwaonyesha kwamba udongo huu unalika. Mhandisi Mbelwa, mtu wa mbali, angeweza kusamehewa kwa kutokujua. Kidawa hakuwa na pa kujificha.

Alimkuta Bi Tatu mahali pake pa kila siku, kwenye lango la soko, ameketi kwenye kigoda, mbele yake sinia la bati lililojaa vipande vya udongo vyenye urefu wa kidole. Bi Tatu aliuza udongo kabla Kidawa hajazaliwa. Zamani alikuwa anaagiza kutoka Pare, udongo uliookwa tanurini, mgumu, wa kahawia. Sasa hakuokea tena. Alichimba nyuma ya shule ya awali, akakanda kwa maji, akaanika juani na kuufukiza kidogo kwa ubani, kwa sababu wateja wanapenda ule wenye harufu ya mvua ya kwanza, na moto unaiua harufu hiyo. Moto ungeliua na lile lililolala ndani yake, lakini hilo Bi Tatu angelijuaje?

Kidawa akamwamkia. Bi Tatu akaitikia kwa furaha, akamsogezea kipande, akamwambia kwamba huu ndio unaokwisha siku hizi, unafuatwa mpaka na watu wa Chumbageni. Wanauita udongo wa Kidawa. Alimwambia kwamba kuna mtoto wa marehemu Zamoyoni, na wa Mwanasha, na wa yule binti muuza chapati, wote waliozaliwa mwaka huu, na ukiwatazama wanakutazama. Wanacheka mapema. Wanashika kidole hawakiachii.

"Nimeishi hapa mpaka mvi hizi," Bi Tatu akasema, "sikujua kwamba watoto wa watu huwa hivyo. Nilidhani watoto wetu ndio watoto."

Kidawa akakishika kile kipande mkononi. Akakivunja katikati na kukisogeza kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na nyuzi nyeupe, chache, zimelala.

3

Mhandisi Mbelwa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Kidawa baadaye, maana ingekuwa rahisi kumchukia. Ofisini mwake alisikiliza kila kitu amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa. Akauliza tu ni wanawake wangapi wajawazito wanaoula ule udongo, na Kidawa akajibu kwamba itakuwa wote.

Wakayapanga mambo mezani kama yalivyo. Utando ni ukungu, na dawa ya fangasi inauua. Ukifa, unauangusha mzigo wake pale pale ulipofika. Mtu asiye na mimba akimeza dawa mapema, risasi inamwagika kwenye damu, anaumwa siku chache, anatapika, figo zinahangaika, anapona. Kidawa mwenyewe, aliyeula udongo kidogo mara moja tu, alikuwa amekwisha kumeza dawa tangu jana jioni na mdomo wake ulikuwa na ladha ya sarafu. Mjamzito akimeza mapema, naye anapona, ila risasi iliyomwagika kwenye damu inapita moja kwa moja kwenda kwa mtoto, yote kwa mkupuo, zaidi hata ya ile ambayo angeipata mtoto yeyote wa Mabetrini wa zamani. Akichelewa mpaka ajifungue, mzigo umeshafika moyoni, na dawa inamwua kama ilivyomwua Zamoyoni. Asipomeza kabisa, mtoto anazaliwa safi, na magamba yanaendelea kupandana polepole juu ya moyo wa mama. Daktari Mntambo alikadiria kwamba mama wa namna hiyo atamwona mwanawe akitembea. Kwamba atamwona akienda shule, hakuwa na hakika.

Mbelwa akakata shauri, na alilisema polepole. Zahanati zitagawa vidonge vya kuongeza damu kwa wajawazito wote wa Mabetrini. Ndani ya vidonge itakuwamo dawa ya fangasi. Hakuna atakayeambiwa.

Kidawa akamuuliza kwa nini wasiambiwe.

"Kwa sababu ukiwaambia watachagua," Mbelwa akasema. "Na wewe unajua watachagua nini, Kidawa. Wewe unawajua kuliko mimi. Mimi nina uwezo wa kuwaokoa kina mama wa mtaa mzima leo. Watoto watakuwa kama watoto wa Mabetrini walivyokuwa siku zote. Wataishi. Hatutakuwa tumewapa ubaya mpya."

Mbelwa aliyasema hayo kwa upole, akijua kwamba si kweli kabisa, kwa sababu alikuwa ameisikia ile habari ya mkupuo. Akafungua mtoto wa meza, akatoa chupa ndogo ya vidonge vyekundu. Vya kwanza vilikuwa tayari; maabara ilivitengeneza usiku, kwa tahadhari, tangu Kidawa alipopiga simu jana. Akamsogezea na kumwambia kwamba anajua ana mdogo wake.

Kidawa alijisikia vibaya sana kwa jinsi alivyoichukua haraka.

4

Mwajabu aliishi kwenye nyumba ya baba yao, nyuma tu ya ukuta wa zamani wa kiwanda. Alikuwa anachambua mchele barazani, tumbo limemtangulia, wakati dada yake anaingia, na Sefu mwanawe ameketi sakafuni karibu na miguu yake.

Sefu alikuwa na umri wa kwenda darasa la pili. Hakwenda. Alipozaliwa alikuwa mzuri kama picha, lakini maneno hayakuja. Aliweza kusema maji, aliweza kusema hapana, na siku ya mvua alipiga kelele moja ndefu mpaka mvua iishe. Lililomuumiza Mwajabu kuliko yote halikuwa hayo. Ni kwamba Sefu hakujua kuamkia. Wageni wanaingia, watu wazima, wanasimama kungoja shikamoo yao kama ilivyo kwa mtoto yeyote, na Sefu anatazama ukuta. Wenye busara walipita kimya. Wengine walisema mtoto huyu hakufunzwa, na walisema kwa sauti ya kumfikia mama yake jikoni.

Kidawa akaketi. Wakasalimiana, wakaulizana hali ya mimba, ya mume wa Mwajabu aliye safarini na malori, ya bei ya mchele. Mwajabu alilalamika kwamba miguu inavimba. Moyo nao, akasema akicheka, siku hizi unapiga ngoma kama wa mtu aliyekimbizwa na nyuki. Kidawa akacheka naye kidogo, kisha akatoa chupa, akasema ni vidonge vya kuongeza damu, vimeletwa vipya, anywe viwili sasa hivi na maji.

Mwajabu hakuuliza swali hata moja. Alimimina maji kwenye bilauri, akavitia vidonge viwili ulimini, na bilauri ikawa imekwisha kufika mdomoni.

"Tema," Kidawa akasema.

Mwajabu akamtazama.

"Tema, mdogo wangu. Tema vyote."

Akavitema kiganjani. Vilikuwa vimeanza kutoa rangi, na kiganja kikawa chekundu. Kidawa akaanza kulia, na akiwa analia hivyo akamweleza yote, moyo wa Zamoyoni, nyuzi, damu, mkupuo, na jinsi yeye mwenyewe alivyokwisha kujiponya kwa kidonge kimoja kwa sababu hana mtu tumboni. Mwajabu aliendelea kuchambua mchele kwa mkono ule mwingine, akitupa vijiwe nje ya baraza, mpaka dada yake akaishiwa.

"Nikivimeza hivi," hatimaye akauliza, "mwanangu atakuwa kama Sefu?"

"Zaidi ya Sefu."

"Na nisipovimeza?"

Kidawa akamwambia kama daktari alivyomwambia. Utamwona akitembea.

Mwajabu akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayetajiwa bei sokoni na kuikubali. Hakulia. Alisema kwamba amemlea Sefu na anampenda, na atakayesema vingine amkome. Lakini anataka, japo mara moja katika maisha yake, kuamka asubuhi na kuamkiwa na mtoto wake mwenyewe. Kama bei yake ni hiyo, basi ni yeye wa kuilipa, si Shirika.

Kisha akafungua fundo la pindo la kanga, akatazama kipande cha udongo kilichomo. Sefu akanyanyua uso. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule azaliwe, Kidawa alimwona akimtazama mama yake moja kwa moja machoni, akingoja. Kwenye pembe ya mdomo wake palikuwa na vumbi kidogo, na Kidawa, aliyekuwa na mengi mno kichwani siku ile, akalichukulia kuwa vumbi la sakafu.

"Na mtoto aliyekwisha kuzaliwa," Mwajabu akauliza bila kuinua macho. "Mtoto kama huyu. Risasi ikimtoka kichwani, atasema?"

"Usithubutu, Mwajabu. Itakwenda kwenye moyo wake. Moyo wake ni mdogo."

"Sijauliza itakwenda wapi."

Kidawa hakujibu, kwa kuwa jibu alilokuwa nalo lilikuwa ndiyo.

5

Kesho yake asubuhi Kidawa alifanya mambo mawili, na la kwanza lilimfukuzisha kazi. Alisimama langoni pa soko, kando ya sinia la Bi Tatu, akawaeleza wanawake wa Mabetrini ukweli wote kwa lugha wanayoielewa. Aliwaambia juu ya vidonge vyekundu pia. La pili, kabla barua ya kumwachisha kazi haijamfikia, aliita malori ya chokaa kwa jina la Shirika, chokaa hai inayochemka ikikutana na maji, na akaamuru kiwanja chote kimwagiwe na kulowekwa mpaka chini. Kwa utando haikuwapo njia nyingine. Ulihitaji kuungua.

Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alijiandaa hata kwa mawe. Hakuyapata. Wanawake walisikiliza wamekumbatia watoto wao, wale wapya wenye macho yanayofuata, na wale wa zamani. Mmoja akauliza kama ni kweli watoto wa udongo watasoma. Mwingine akauliza kama maumivu ya moyo huwa makali. Mwanasha, ambaye mtoto wake alikuwa wa tatu kuzaliwa safi, hakuuliza lolote. Alimshika Kidawa mkono, akaubusu, na kwenda zake. Kidawa aliuangalia mkono ule kutwa nzima, asijue amebusiwa kwa lipi.

Bi Tatu alilimwaga sinia lake mwenyewe kwenye chokaa. Aliketi pale akilia wazi wazi, akisema kwamba amewaua mabinti wa wenzake kwa mikono yake, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Malori yakamwaga, bomba zikafunguliwa, na kiwanja kikaanza kuchemka na kufoka mvuke mweupe uliopanda juu ya paa la bluu la soko. Nyasi za uwanja wa mpira zikawa za njano na baadaye hazikuwapo. Shule ya awali ikafungwa. Mabetrini ikarudi kuwa mahali pa uzio, na watu wakasimama nje ya uzio wamekunja mikono kama zamani.

Kidawa alijiambia kwamba kazi imekwisha. Alimwambia hilo pia daktari Mntambo, ambaye alimtazama kwa huruma na kumuuliza kama, katika uzoefu wake, amewahi kumjua mwanamke wa Mabetrini ambaye hana kikopo chini ya kitanda.

6

Mwajabu hakumfungulia mlango kwa majuma mengi. Alituma salamu kupitia majirani, kwamba hajambo, kwamba amechoka tu, kwamba dada asijisumbue. Kidawa aliacha vyakula barazani na kuondoka. Kwenye mkoba wake alikuwa na ile chupa ya vidonge vyekundu, hakujua kwa nini anatembea nayo. Tumbo la Mwajabu lilikuwa limepita wakati ambao vidonge vingemfaa.

Mvua za vuli zilipoanza akaenda tena. Aliwaza kwamba akikuta Sefu anapiga kile kilio chake cha mvua, atapata sababu ya kuingia kusaidia. Matone makubwa yalikuwa yanagonga bati za nyumba zote za mtaa. Alipokaribia akasimama kusikiliza, na nyumba ile ilikuwa kimya.

Mlango ulikuwa wazi. Sefu alikuwa amesimama kizingitini anatazama mvua, amevaa shati safi lililofungwa vifungo vyote. Alikuwa amekonda. Alimwona Kidawa akija, akamfuata kwa macho hatua baada ya hatua mpaka akafika mbele yake, kisha akaweka mikono kifuani kama wanavyofunzwa watoto wenye adabu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Sauti ilikuwa nene kidogo, ya kitu ambacho hakijatumika. Shikamoo haiachwi hivi hivi bila kuitikiwa, na mdomo wa Kidawa ukaitikia wenyewe, marahaba, kabla yeye hajajua la kufanya. Sefu akatabasamu. Akamwambia kwamba mvua inanyesha. Akamwambia kwamba mama yuko ndani, anapika, na kwamba kutapatikana mtoto. Maneno yalimtoka moja moja, akiyachungulia kila moja kabla ya kulisema, na Kidawa akapiga magoti kwenye tope, akaweka kiganja juu ya shati safi, upande wa kushoto. Chini ya kiganja kulikuwa na moyo unaodunda kwa uzito, kwa taabu, unanyamaza mno kati ya pigo na pigo.

Mwajabu akatokea nyuma ya mwanawe. Tumbo lilikuwa limeshuka, midomo yake imebadilika rangi, na alijishikiza kwenye mlango ili asimame. Alimtazama dada yake aliyepiga magoti, akautazama mkoba uliofunguka, na chupa iliyokuwa inaonekana ndani yake. Wote wawili walijua hesabu. Kwa mtoto hapajapita muda mrefu. Akimezeshwa dawa leo, risasi nyingi bado iko kwenye damu, na pengine moyo ule mdogo utasalimika. Risasi itamwagika, itarudi kichwani ilikotoka, na Sefu ataishi mpaka uzee wake akitazama ukuta.

"Nilimpa mimi," Mwajabu akasema. "Nilikuwa nampa hata kabla hujaja na vidonge vyako, kidogo kidogo, nikidhani ni kitu cha kumtuliza. Nikaona ananitazama. Ulipokuja kuniambia ni nini, nilikuwa nimekwisha kuonja kutazamwa na mwanangu, Dada. Kila asubuhi ananiamkia." Akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Mimi siwezi kumpa dawa hiyo. Wewe ndiye uliyesoma. Wewe ndiye uliyekula mbele yetu. Mpe wewe, kwa mkono wako, nami sitakuzuia. Naapa sitakuzuia."

Akampisha mlangoni. Alikwenda jikoni, akarudi na bilauri ya maji, ile ile ya siku ile, akaiweka sakafuni kati yao.

Kidawa akaitoa chupa. Akaifungua. Vidonge viwili vikaangukia kiganjani, vyekundu, na mvua ikavilowesha, rangi ikaanza kumtiririka kwenye mistari ya mkono. Sefu alivitazama kwa hamu ya mtoto anayeonyeshwa peremende. Alifungua mdomo na kungoja, akimwamini, kama mama yake alivyomwamini, kama mtaa mzima ulivyomwamini siku ile alipoinama na kuchota udongo kwa vidole vitatu. Ilikuwa kazi ya kunyoosha mkono tu. Kidawa alijua lililo sawa, alilijua vizuri kuliko mtu yeyote katika mji ule, na alijua pia kwamba kila siku itakayopita bila kulifanya itapunguza uwezekano wake, mpaka litakuwa haliwezekani tena.

Akasogeza kiganja karibu na mdomo wa mtoto.

"Sefu," akasema, "hebu niamkie tena."